Ulimi wa Shaba

Tangu Mintirib, tulipopunguza upepo wa magurudumu,
redio inawaka na haisemi.
Kioo chake cha kijani kiko macho,
vistari vinapanda, vinne, vitano, vinashuka:
mtu anazungumza huko mbele
nami nayaona maneno yake
kama mtazama watu wakicheka nyuma ya dirisha.

"Ghalib, unanipata?" Vistari vikapanda.
"Ghalib, nijibu basi." Vikapanda.
Mara ya tatu nikamtukana, kwa Kiswahili,
lugha yetu ya jikoni, ya kutukania na kubembelezea,
nikakitundika kipaza sauti kwenye ndoano yake
na kununa kilomita kumi na mbili za mchanga.

Bibi, kiti cha nyuma, kabanwa na marobota ya majani ya mbuzi,
akasema: "Izime uiwashe."
Ndiyo dawa aijuayo. Ameshatibia friji kwayo.
Nikaizima, nikaiwasha. Kioo kikafumbua, mdomo haukufumbua.
Kisha akataka kuteremka, ana haja yake,
na vumbi la wenzetu likavuka kilima, likatulia.

Nikaanza na yaliyo mepesi. Sivadas,
fundi wa Sanaiya ya Ibra aliyenifungia redio hii,
hunambia: usiguse skrubu kabla hujauliza vifungo.
Cha sauti kimezungushwa mpaka mwisho.
Cha kukata mchakacho nikakilegeza chote;
hapo hunijia ule mvumo wa mvua juu ya bati.
Haukuja. Hata mvua haimo.
Fyuzi nzima: ingekufa, taa zisingewaka.
Basi ugonjwa uko kooni, roho haijambo.

Sasa skrubu. Nne, kwa ncha ya kisu cha matunda.
Nikazitenga waya mbili za spika,
nikaitoa betri kwenye tochi ya Bibi,
nikagusisha: tak.
Tena: tak. Kama ukucha juu ya sinia.
Iko hai. Ina mdomo, haikupewa la kusema.

Nikazirudisha waya, nikaigeuza redio mgongo.
Hapo pana tundu dogo.
Mwezi wa Ramadhani Ghalib alichomeka humo spika yake ya nje,
akatamba nayo, siku ya Idi akaichomoa akenda zake.
Ndani ya tundu mna ulimi wa shaba.
Pini ikiingia, ulimi hunyanyuka, spika ya ndani hunyamaza.
Pini ikitoka, ulimi hulala, ya ndani hurudi kusema.
Huu haukulala.
Miezi hii yote ulikuwa ukining'inia kwa unywele,
na leo, kwa mitikisiko, ukakwama,
redio ikiamini kuna kinywa kingine mahali kinaisemea.

(Namjua mtu wa hivyo.
Nimekaa naye miaka sita, ndani ya ngozi hii.)

Ulimi hauna mfupa, ndivyo tusemavyo.
Huu ulikuwa na chembe ya mchanga,
moja, nyekundu, ndogo kuliko ufuta.

Nikazima. Nikachomoa pini ya mtandio,
nikakwangua, nikapuliza, nikakwangua.
Upepo ukanivua kichwa; hapana aliyeniona
ila ngamia wawili wa watu, nao wakatazama pengine.

Nikawasha.
Mvua juu ya bati kwanza. Sijapata kuipenda mvua hivyo.
Halafu Ghalib, katikati ya sentensi, sijui ya ngapi:
"...narudia, Rayya, sisi tunakusikia tangu asubuhi,
na lile tusi tumelisikia, na Ami Thuwein kalisikia,
kataka afasiriwe. Tuko nyuma ya kilima cha pili,
moto umeshawaka, hatuli mpaka uje.
Chumvi iko kwako. Narudia. Chumvi."

Bibi akarudi akikung'uta buibui,
akapanda, akajipenyeza baina ya marobota.
"Imesema?"
Imesema.
"Yasemaje?"

Nikakishika kipaza sauti, nikakosa neno,
nikakibonyeza tu, mara mbili, ajue nimepata.
Yasema tupeleke chumvi.